Ushuhuda Niliouacha Nusu



Leo sina andiko la siku wala picha ya ziwa jua likichwea. Nina deni, na nimelala nalo tangu Jumatano. Ni refu kidogo. Kama uko kwenye matatu au uko jikoni, lihifadhi ulisome ukitulia.

Jumatano, baada ya ibada ya katikati ya juma, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza na watu walikuwa wanakimbilia tuktuk. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano ndani ya leso, na mkono wa pili ameshika chupa ya maziwa iliyojaa. Akaniambia, "Pasta, tangu jana asubuhi huyu hajashika chupa. Nimekuja uiombee kama ulivyoiombea ile yako."

Niliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Kilikuwa cha moto. Nikauliza mara ya mwisho alikojoa lini. Mama akafikiri, akasema labda jana usiku. Niliomba, ndiyo, lakini niliomba nikitembea kuelekea barabarani, nikisimamisha tuktuk kwa mkono mmoja. Mzee mmoja wa kanisa alinitazama kama mtu aliyeishiwa imani. Mtoto huyo nitamrudia. Kwanza niwaeleze habari za chupa yangu, kwa sababu ushuhuda unaozunguka huko nje ni wangu, na mimi ndiye niliyeuacha nusu.

Wengi mnajua kwamba dada yangu mdogo alifariki mwezi wa kumi na mbili, siku ya pili baada ya kujifungua. Alipoteza damu nyingi. Mlikuja mazishini, mkatuchangia, Mungu awabariki. Baba ya mtoto ni mtu wa kazi za mbali, wazazi wake wamezeeka, na mama yangu huko Seme ana miguu inayovimba. Familia mbili zikakaa chini ya mwembe, tukakubaliana mtoto aje Kisumu kwangu mpaka apate nguvu. Aliingia nyumbani kwetu akiwa na siku kumi na mbili. Ni msichana. Jina lake siliandiki hapa. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka kuwa mfano wa mahubiri.

Mimi nina miaka arobaini na sita. Kitinda mimba wetu yuko Gredi ya 8. Nilidhani mambo ya nepi tuliyamaliza zamani. Halafu nikajikuta saa nane za usiku nimesimama jikoni nasoma maandishi madogo ya kopo la maziwa kama mtu anayesoma Mambo ya Walawi.

Maziwa ya kopo ni shule, jamani. Kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kila mililita 30 za maji. Kisijae kikafanya mlima, wala kisipungue. Maji yachemke, na uyachanganye na unga yakiwa bado ya moto, kwa sababu unga wenyewe hauko safi kabisa na ule moto ndio unaoua vijidudu. Ndipo unapoa, ndipo unajaribu tone kwenye mkono. Kopo la gramu 400 likija Jumatatu, Alhamisi unaliona chini. Na niungame hapa hapa: mwisho wa mwezi mmoja nilitia vijiko vitatu mahali pa vinne ili kopo lifike mshahara wa mke wangu. Aliniona. Hakuniambia neno, aliimwaga ile chupa akaanza upya. Mtoto hajui kwamba ni mwisho wa mwezi.

Siku hizo nilikuwa nafikiri sana kuhusu Benyamini. Raheli alikufa njiani akimzaa, na pale pale pakatokea majina mawili: mama akataja moja la uchungu, baba akalibadilisha. Tunahubiri majina hayo mawili mpaka jasho litutoke. Lakini nilipokuwa chuo cha Biblia hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza, usiku ule Benyamini alinyonyeshwa na nani. Debora, yule yaya wa Rebeka, alikuwa amezikwa mistari michache tu kabla. Andiko liko kimya. Mtu fulani kwenye zile hema alimlisha yule mtoto na hakuandikwa popote. Nikiwa na chupa mkononi nilimwonea huruma mtu huyo.

Basi mtoto akatuzoea. Chupa ikawa saa ya nyumba. Na nikiri kwamba nilianza kujivuna kidogo, maana kwangu alikuwa anakunywa vizuri kuliko kwa mke wangu.

Mwezi wa tatu, Alhamisi moja jioni, mtoto akiwa na miezi mitatu na siku kadhaa, akakataa.

Hakukataa kama mtoto aliyeshiba. Alikuwa na njaa, tena njaa kali. Aliiona chupa akatapatapa mikono, akaikamata chuchu kwa pupa, akavuta mara mbili, mara tatu, halafu akapiga ukelele, akajipinda mgongo na kugeuza uso. Tukamtuliza, tukajaribu tena, ikawa vile vile. Tukabadilisha chupa. Tukatia chuchu mpya, nayo tundu lake likawa dogo, nikalipanua kwa sindano. Tukapasha maziwa zaidi, tukayapoza zaidi. Mke wangu akamtembeza sebuleni akimwimbia tenzi zote anazozijua. Saa tatu usiku, hakuna. Saa sita, hakuna.

Hapo ndipo nilipoingia kazini kama mchungaji. Nilichukua mafuta, nikampaka mtoto kwenye paji la uso. Nikaiweka chupa mezani na kuwekea mikono. Nikakemea. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha maombi cha WhatsApp kwamba adui anagusa nyumba yangu, nani yuko macho asimame nami. Mliamka! Kulikuwa na watu wa Nyalenda, watu wa Manyatta, dada zetu walioko Doha na Riyadh. Mlituma maombi ya sauti mpaka simu ikaishiwa chaji. Silisahau jambo hilo na silidharau.

Saa tisa usiku mtoto alikuwa amechoka kulia, amesinzia nusu nusu, nikamwekea chuchu mdomoni na akanywa. Mililita 30 hivi. Nikalia machozi. Nikaandika kwenye kikundi: MUNGU AMETENDA, MTOTO AMEKUNYWA. Mkajibu kwa haleluya mia moja na zaidi. Nilizihesabu asubuhi.

Ushuhuda huo ndio uliozunguka. Pasta aliombea chupa usiku na mtoto akanywa. Mmoja ameusimulia kwenye mkutano wa akina mama Ahero. Mwingine aliusimulia kwa mama huyu wa Jumatano.

Saa kumi na mbili asubuhi mtoto alikataa tena. Alikataa kwa ukelele ule ule, na safari hii hata kilio chenyewe kilikuwa kimepungua nguvu. Hilo sikuliandika. Nilishika simu, nikatazama zile haleluya, nikaiweka chini. Ningeandikaje? Watu walikuwa wameshamshukuru Mungu.

Saa tatu asubuhi mama yangu akafika na matatu ya Seme, kikapu cha omena kichwani, miguu imevimba vile vile. Hakukaa. Alimchukua mtoto, akamtazama usoni muda mrefu, akasema, "Wuoda, huyu anataka jina."

Kwa wasomaji wetu wasio Wajaluo, nieleze. Kwa wazee wetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma na kukataa titi, huenda kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka kukumbukwa. Kina mama wanakaa naye, wanataja majina ya waliokufa moja baada ya jingine, taratibu. Jina ambalo mtoto akilisikia ananyamaza na kunyonya, hilo ndilo jina lake. Wengi wenu mnaosoma hapa mna majina yaliyopatikana hivyo, hata kama kwenye kitambulisho mnaitwa Emmanuel.

Nikamwambia mama kwamba katika nyumba hii wafu hawaitwi. Akaniambia, "Wewe mwenyewe ulinyonya tulipomtaja babu yako." Nikamfungulia Kumbukumbu la Torati. Akaniambia alikuwa ameokoka kabla mimi sijajua kusoma. Sauti zikapanda. Nilitembea pale sebuleni nikifundisha kuhusu roho za ukoo, nikiwa na pointi tatu na andiko kwa kila pointi, kama niko kwenye semina. Mama naye akaniambia kitu ambacho bado kinanichoma. Alisema, "Wewe unataka kushinda. Mimi nataka anywe."

Sijabadilisha mafundisho yangu. Wafu hatuwaiti, na nitalifundisha hilo mpaka nizikwe. Lakini tuliongea karibu saa mbili. Mimi nikisema ni adui, yeye akisema ni mtu wetu, na katikati yetu mtoto ambaye kwa zaidi ya saa kumi na nne alikuwa amekunywa mililita 30. Tulikuwa tunabishana kuhusu mdomo ambao hakuna kati yetu aliyekuwa ameuchungulia.

Mke wangu hakuwa kwenye mabishano. Alikuwa chumbani amefungua nepi aliyoivalisha usiku, na ilikuwa kavu. Alitoka kimya kimya akaenda kumwita jirani yetu.

Jirani huyu ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023 kote nchini. Si mshirika wetu, anasali kwingine. Nimempita njiani miaka mingi nikimsalimia kwa haraka. Aliingia, akavua viatu vyenye tope, akamsalimia mama yangu kwa heshima zote, na kwangu akaja na maswali. Amekunywa nini tangu jana? Nepi ngapi zimelowa? Ametapika? Amepata degedege? Akamwita mtoto kwa kupiga vidole aone kama anageuka. Akampima joto. Akahesabu pumzi, macho kwenye saa, nasi wote tumenyamaza kama kanisani. Halafu akaomba tochi ya simu.

"Pasta, mdomoni mmeangalia?"

Nilikuwa nimeona weupe kwenye ulimi siku mbili kabla. Nilidhani ni maziwa. Alikunja kitambaa safi kidoleni akafuta taratibu. Maziwa yangetoka. Huu haukutoka. Ulikuwa umetanda ndani ya mashavu yote mawili na kwenye fizi kama maziwa yaliyoganda, na pale alipogusa palikuwa pekundu, mtoto akapiga ukelele ule ule wa chupa.

Mke wangu akaketi chini sakafuni.

Jirani akafungua kijitabu cha kliniki cha mtoto, kile tunachopewa bure na kukitia kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Kuna mahali kimeandika dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Anayetapika kila kitu. Aliyepata degedege. Anayelala isivyo kawaida au haamki. Moja tu kati ya hizo inatosha. Kilikuwa kwenye droo yangu, chini ya mahubiri yangu. Akasema, bila ukali wowote, "Mtoto wa umri huu nepi zilowe sita au zaidi kwa siku. Twende sasa hivi. Mtabishana mkirudi."

Kwenye kituo cha afya walimpima uzito, wakamtoboa kidole kupima malaria, wakaangalia masikio, maana hata sikio likiuma mtoto huvuta mara mbili na kuacha. Malaria haikuonekana, masikio yalikuwa safi. Ilikuwa fangasi ya mdomoni. Afisa aliyetuhudumia, kijana wa rika la wanakwaya wangu, akauliza kama mtoto alipewa antibayotiki karibuni. Nikasema hapana. Mke wangu akasema ndiyo. Wiki mbili kabla alikohoa, na ni mimi niliyekwenda duka la dawa nikanunua dawa ya kifua bila kumwonyesha mtoto kwa mtu yeyote. Kijana akaeleza kwamba dawa hiyo inaweza kuua hata vijidudu vinavyozuia fangasi, halafu fangasi inapata uwanja. Akaomba kuona chupa. Aliigeuza kwenye mwanga. Ndani ya chuchu, pale kwenye mkunjo, palikuwa na utelezi mweupe. Tulikuwa tukiisuuza chupa kwa maji ya moto na kuendelea na maisha. Brashi tulikuwa nayo mwezi wa kwanza, ikapotea.

Na lile tundu nililolipanua kwa sindano? Akacheka kidogo. Akasema maziwa yalikuwa yanammiminikia kooni mtoto ambaye tayari mdomo unauma.

Nilitaka kumwambia kuhusu maombi ya saa tisa, nikashindwa. Nilitaka kumuuliza kwa nini saa tisa alikunywa, nikauliza. Akasema watoto wengi hukubali kidogo wakiwa wamesinzia, maumivu hayajawazindua. Nilipokea jibu hilo kama kibao. Leo sioni kwamba linamfukuza Mungu pale chumbani. Lakini mimi niliandika MUNGU AMETENDA kwa herufi kubwa, na mtoto alikuwa bado anakauka.

Muuguzi alituambia tuiache chupa. Alileta kikombe kidogo. Alimketisha mtoto mapajani karibu wima, mkono ukishika shingo na mabega, akaegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akakiinamisha mpaka maziwa yakagusa tu mdomo. Hakumimina. Akangoja. Tulingoja sote. Mtoto akatoa ulimi kama paka, akalamba. Akakunja uso. Akalamba tena. Ilichukua karibu nusu saa kumaliza mililita 40, na nusu nyingine ilikuwa kwenye shati langu. Muuguzi akatuambia kikombe kinaoshwa kwa sabuni na jicho lako linaona mpaka chini. Chupa ina kona usizoziona.

Nikamuuliza ni kopo la aina gani lililo bora. Hakunitajia. Akasema tuendelee na lile tulilo nalo, tulichanganye inavyotakiwa, na kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo na chupa kwa akina mama. Nikaelewa kwa nini makopo hayana picha za watoto wanene. Akanieleza pia kwamba Nairobi, hospitali ya Pumwani, tangu 2019 kuna benki ya maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga wasio na mama wa kuwanyonyesha. Nilifurahi kusikia. Lakini Pumwani ni Nairobi, na kikombe kilikuwa hapa.

Tulikaa pale mpaka alasiri, hawakutuachia mpaka akojoe. Wapendwa, nimeombea visa, nimeombea kesi za mashamba, nimeombea watu kupita KCSE. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja nepi ile. Ilipolowa mama yangu alipiga kigelegele kwenye korido na watu wakageuka.

Tulipewa dawa ya matone, ya kupakwa mdomoni mara nne kwa siku baada ya kunywa. Siku ya tatu akakunywa bila kulia.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo moja. Usiku ule wa maombi, kati ya jumbe zenu, watu watatu waliniandikia faraghani. Mmoja akasema nimpeleke mtoto akakatwe kimeo. Wawili, mmoja wa Mwanza na mmoja wa Uganda, wakasema ni meno ya plastiki, kuna mtu anayajua kuyang'oa. Najua mliandika kwa upendo. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya utotoni ya mtoto mwenyewe, yako chini ya fizi yanangoja wakati wake. Watu wanayachimbua kwa spoku ya baiskeli. Watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanakufa. Kama saa sita usiku ile angekuja mtu mlangoni na spoku na maneno ya uhakika, sijui ningefanya nini. Hilo linanitisha kuliko yote.

Nimehubiri habari za Yairo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Huwa namalizia pale msichana anaposimama na watu kushangaa. Hapo ndipo kinanda kinapoingia. Mwezi huu nimesoma mstari unaofuata, ambao kinanda changu huwa kinaufunika: Bwana aliagiza msichana apewe chakula. Marko ameuandika, na Luka, yule ambaye Paulo anamwita tabibu, ameuandika pia. Chumba kizima kilikuwa kinashangaa muujiza, na aliyekumbuka kwamba mtoto hajala ni yeye aliyeufanya.

Mama yangu alibaki nasi wiki tatu. Yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kikombe, sisi wengine tulimwaga. Usiku mmoja stima ilikuwa imepotea, niliamka kwenda kunywa maji nikaona mwanga wa taa chini ya mlango wa chumba chake. Nilisogea. Alikuwa anamlisha mtoto, na kati ya kila mlambo anataja jina. Nilikaza shingo nisikie ni mkongwe yupi anayeitwa ndani ya nyumba yangu. Lilikuwa jina la dada yangu. Jina moja tu, la binti yake, akilirudia polepole huku machozi yakimdondokea kidevuni. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akilitaja hata mara moja. Nilihubiri mazishi yale mimi mwenyewe, vizuri, watu walisema. Sikuwa nimemuuliza mama yangu analalaje.

Sikuingia. Nilirudi kitandani bila kunywa maji. Asubuhi nilimuuliza habari za dada, akiwa mdogo, na tukakaa mpaka chai ikapoa.

Sasa mtoto wa Jumatano.

Ilikuwa malaria. Ukanda huu wetu wa ziwa ndio unaoongoza kwa malaria katika Kenya nzima, hilo kila mtu hapa anajua, na bado mtoto mwenye joto aliletwa kwanza kwangu na chupa. Amelazwa. Wamemwekea maji ya mshipa na dawa. Jana Ijumaa nilikwenda wodini nikamkuta ameanza kunywa kwa kijiko, macho yamefunguka, ingawa daktari hajasema watatoka lini. Mama yake aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia: "Pasta, mbona kwako maombi yalitosha, kwangu yakakataa?"

Nikaketi kwenye kitanda cha jirani nikamwambia yote niliyowaandikia hapa. Saa kumi na mbili asubuhi. Nepi kavu. Tundu la sindano. Ujumbe ambao sikuuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimpapasa mtoto mguu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ningemleta hapa Jumanne."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba msamaha. Nawaomba ninyi pia, mliokesha nami usiku ule, na wewe uliyeusimulia ushuhuda wangu Ahero kwa moyo safi. Tafadhali rudi uwamalizie.

Kesho Jumapili, yule jirani yetu mhudumu wa afya atakuwa nasi ibada ya kwanza. Nimempa dakika kumi na tano za mahubiri yangu, na ameomba kila mama mwenye mtoto aje na kijitabu cha kliniki. Akina baba, nanyi mje, tochi za simu mnazo. Baada ya hapo naenda wodini. Mama yangu amepanda matatu leo kutoka Seme, anasema tutaenda pamoja, yule mama mchanga hajui kushika kikombe vizuri. Ninapoandika haya yuko jikoni anachemsha kikombe chetu kidogo, atakifunga kwenye leso.